Kiambatisho cha Saba

Tekle, njoo tuhesabu tena.
Cheti cha kuzaliwa, nakala mbili.
Alama za miaka mitatu, zimepigwa muhuri;
kidau cha wino kilikuwa kimekauka, mkuu wa shule
akakidondoshea chacha, ile pombe kali ya zabibu,
na sasa matokeo yako ya fizikia yananukia harusi.
Picha: ukuta mweupe hatuna,
tumetundika shuka ya mama yako,
na mkunjo wa pasi umepita nyuma ya sikio lako
kama barabara ya kwenda Tbilisi.

Wameandika: mwombaji asitabasamu.
Hilo halikukusumbua.

Kisha utafiti wenyewe.
Mitungi ya kioo hamsini na miwili, iliyokuwa ya achari,
kila Jumapili mmoja, chini ya daraja,
maji ya mto wetu yanayotoka machimboni
meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Uliyaacha yatulie, ukapima tope kwa rula,
ukaandika kwa penseli, maana wino huganda Januari.
Mimi, mwalimu wa kemia miaka ishirini na sita,
nimevuka daraja lile kila asubuhi
nikiangalia viatu vyangu.

Barua ya kukupendekeza nimeichana mara nne.
"Ana bidii." Nani hana bidii? Punda ana bidii.
"Ni mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha."
Ndivyo nilivyomwandikia Vakhushti pia, mwaka juzi,
na leo anauza simu Kutaisi.
Mara ya tano nikaandika tu swali uliloniuliza darasa la nane:
"Mwalimu, Jumatatu mto hupauka kidogo. Kwani hulala?"
Nikatia sahihi papo hapo, chini yake.

Alhamisi, giza limeshaingia, mlango wa maabara ukagongwa.
Baba yako. Buti za kazi, kofia mkononi.
Nikajua amekuja kulichukua faili.
Mshahara wake na weusi wa mto
hutoka bomba moja.
Nilikwisha kuandaa hotuba, nayo ilikuwa nzuri.
Hakunipa nafasi. Akavaa miwani,
akapekua hadi jedwali la tatu, akaweka kidole.
"Hapa amekosea. Anapima mchana.
Koki hufunguliwa saa nane usiku.
Mimi ndiye ninayeifungua."

Siri ya mtungi muulize kata,
na kata amekuja kwa miguu yake, kwenye theluji,
na vipande vya pakiti za sigara vilivyojaa tarehe
ndani ya kofia.

Akasema: jina langu lisiwemo.
Akanywa chai, akaosha kikombe mwenyewe,
akaenda zamu.

Sasa tazama ukurasa wa tisa.
"Taja kila aliyekusaidia. Asiyetaja amedanganya,
na maombi yake yatakataliwa."
Mistari mitano, mitupu, imenyooka.
Umenitaja mimi. Umemtaja Bibi Tsiala aliyekupa mitungi.
Umefika mstari wa tatu, penseli imesimama.
Unaniangalia kana kwamba kemia ina jibu.

Kiambatisho cha saba kimelala mezani,
tarakimu ndogo ndogo za mkono mzito.
Bila hizo, kazi yako ni nusu ya mto.
Pamoja nazo, ni mkate wenu.
Posta hufungwa saa kumi na moja.
Nimezima jiko, nimeliwasha tena.

Sikuambii cha kuandika.
Nimeichukua penseli, nimeichonga,
nimekurudishia. Hilo tu naliweza.
Nje, kwa kuwa leo ni Jumatatu,
mto unapita umepauka, karibu safi,
kama mtu aliyeulizwa jambo
akajibu kwamba hakuwepo.